Baligeel: Maji Yapo

Ilianza na bilauri. Ladan alikuwa na mazoea ya kuijaza maji kila adhuhuri kabla ya kwenda kuswali chumba cha nyuma, na siku hiyo aliporudi aliikuta mezani tupu, imekauka mpaka chini. Ofisini hamkuwa na mtu. Saa hizo Hargeisa nzima imefunga milango; wanaume wamekwenda kutafuna mirungi, wanawake wamejilaza, na jua limekaa juu ya mabati halitaki kuondoka.

"Wewe dada, unakunywa maji kama ngamia!" bosi wake, Kayse, alimtania kesho yake alipomwona anajaza tena. "Utatumalizia mtungi."

"Joto hili, kaka," alijibu Ladan, akacheka kidogo. Hakusema kwamba hakuwa ameonja hata tone. Alikuwa na jambo moyoni, na mwenye jambo moyoni hunyamaza hata pasipo na haja.

Jambo lenyewe ni hili. Ofisi yao ilitengeneza programu ya kupeleka maboza ya maji vijijini wakati wa ukame. Kila adhuhuri programu iliwashwa upya, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kusoma faili la mipangilio: kijiji gani maji yapo, kijiji gani hayapo, boza liende wapi. Faili hilo alilitunza Diriye, kijana mpole aliyeshinda kwenye simu na wazee wa vijiji. Programu aliiandika Ladan. Na siku moja, akiijaribu, hakutaka boza la kweli liondoke bure, akachomeka mstari mmoja ndani ya programu yenyewe: *Baligeel: maji yapo.* Programu ilisoma faili kwanza, kisha ikasoma mstari ule, na kinachosomwa mwisho ndicho kinachoshika. Alikusudia kuufuta jioni. Akasahau, kama watu wanavyosahau.

Kisima cha Baligeel kilipokauka, Diriye aliandika kwenye faili kwamba maji hayapo. Akaandika tena na tena. Boza halikwenda. Wenye nguvu walihama na ngamia wao. Bibi mmoja na mjukuu wake walibaki kulisubiri, wakaja kukutwa kando ya barabara, wamelala pembeni ya madumu matupu.

Siku ofisi ilipokaa kikao kuuliza boza lilikwama wapi, Ladan alikuwa ameshauona ule mstari. Aliuona asubuhi hiyo hiyo, akafunga kompyuta, akaenda kukaa na wenzake. Diriye aliapa kwamba aliandika. Kayse akauliza, sasa imekuwaje? Na Ladan, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Labda ulisahau kuhifadhi, Diriye."

Hakuna aliyelifungua faili kuhakikisha; Diriye alifukuzwa kazi. Mtaani wakamwita muuaji wa Baligeel, hata watoto, mpaka akashindwa kupita sokoni, akashika njia ya tahriib, ile ya kuvuka jangwa kuitafuta Ulaya. Hakupiga simu tena. Tangu hapo boza la Baligeel liliagizwa kwa mdomo, na mstari ukabaki mahali pake, kwa sababu kila badiliko sasa lilipitia kwa Kayse, na kuufuta kulikuwa ni kuuonyesha.

Na nani alikuwa muuza chai pale mlangoni? Mama yake Diriye. Kila asubuhi alimmiminia Ladan chai ya maziwa ya ngamia, yenye iliki, akisema, "Kunywa, mwanangu. Ulikuwa ukikaa meza moja na Diriye wangu." Ladan alikunywa, kwa sababu angekataaje?

Baada ya bilauri ikaja harufu: udongo ulioguswa na mvua ya kwanza, katikati ya jilaal, ukame wenyewe, miezi ambayo hata wingu halipiti. Kisha sauti. Dumu tupu likiburutwa kwenye korido, kwaru, kwaru, mpaka mlangoni, likanyamaza. Ladan alifungua mlango. Korido ilikuwa nyeupe kwa jua, na haikuwa na mtu.

Siku iliyofuata aliwasha programu kama kawaida, na majina ya vijiji yakateremka kwenye skrini, kila kimoja na hali yake, mpaka yalipofika *Baligeel: maji yapo* yakasimama, na chini yake, mahali ambapo hapakuwa na faili wala mstari wa kusomwa, maneno ambayo mkono wake haukuyagusa yakaanza kujiandika, herufi moja, kisha nyingine, polepole, kama mtu anayeandika kwa kidole kinachouma, huku nyuma ya kiti chake kuna mtu anahema kwa kinywa kikavu, na pumzi yake ya moto inamgusa shingoni chini ya ushungi, na yeye hawezi kugeuka, hawezi hata kulitaja jina la Mungu, anaisoma tu ile skrini: *Yako wapi?*

Kayse, aliyerudi kuchukua funguo zake, alimkuta amejikunyata chini ya meza. Kwaru, kwaru, ikasikika koridoni.

"Umesikia?" Ladan alinong'ona.

"Nyamaza. Nimesikia." Kayse naye akashuka chini ya meza, mtu mzima na kitambi chake.

"Tutoke, kaka."

"Tutoke vipi na miguu haitaki?"

Kayse alimwita Shehe Muumin, akaja na chetezo cha ubani na maji ya kusomea. Alisoma tangu mlangoni mpaka chumba cha nyuma, kisha akamtoa Kayse nje na kumgeukia Ladan.

"Huyu hakuvamia, binti. Ameitwa. Mwenye kiu kaambiwa hapa maji yapo, naye amekuja kunywa. Nani kamwambia?"

Ladan alitupa jicho kwenye kompyuta yake.

"Haya," shehe alisema taratibu. "Mimi nitasoma, na atatoka mlangoni arudie dirishani. Aliyeandika afute kwa mkono wake, kisha aseme mbele ya aliyeumizwa, au mbele ya mtu wake. Yote mawili. Umenielewa? Moja halitoshi."

Alielewa sana. Akafanya moja. Aliufuta mstari, akauficha katikati ya rundo la mabadiliko mengine, na Kayse akayapitisha huku anapiga miayo. Programu ikawashwa. Baligeel ikasomwa kama ilivyo kwenye faili la Diriye: *maji hayapo.* Bilauri ilibaki imejaa adhuhuri hiyo, na iliyofuata, na zilizofuata. Harufu ikaisha. Ladan akaanza kula vizuri. Alipita kwa Mama Diriye akamsalimu kwa bashasha, hata akamtania kwamba siku hizi anabania sukari. Ni aibu kusema, lakini alifurahi.

Adhuhuri moja Mama Diriye akaingia ofisini, ambako hakuwa ameingia hata siku moja. Simu ilikuwa mkononi.

"Amenipigia kijana aliyesafiri na mwanangu," alisema. "Gari liliwafia jangwani. Maji yakawaishia. Diriye amekufa, Ladan. Amekufa tangu jilaal ilipoanza, na mimi nauza chai."

Jilaal ilipoanza. Ndipo bilauri nayo ilipoanza kukauka.

"Inna lillahi," Ladan alisema.

"Kuna neno sikulielewa. Wenzake wanasema ilipofika adhuhuri aliinuka akaanza kutembea peke yake. Wakamwuliza, unakwenda wapi? Akasema, nakwenda kwa Ladan, ameandika pale maji yapo." Mama Diriye alivuta kiti, akakaa. "Nimekuja unieleze, mwanangu. Uliandika nini?"

Ladan akamweleza. Alimweleza mstari, na asubuhi ya kikao, na yale maneno yake ya upole kuhusu kuhifadhi, na rundo alilolitumia kuficha. Alilia akisema, na hakusimama mpaka yakaisha yote. Nje kwenye korido, alipokuwa bado anaongea, dumu lilikuwa limeanza, kwaru, kwaru, likaingia chumbani, likapita kando ya meza, likatua nyuma ya kiti chake. Udongo ukanukia mvua.

Mama Diriye hakulia wala hakumtukana. Alikuwa akitazama juu ya bega la Ladan, na uso wake ulikuwa umelainika, uso wa mama anayempokea mtu wake mlangoni.

"Mpe maji," alisema.

"Mama..."

"Mpe maji kwanza. Mimi na wewe tutaongea. Huoni alivyokauka?"

Ladan aliishika bilauri kwa mikono miwili. Hakuthubutu kugeuka. Akaipitisha juu ya bega lake, maji yakimwagikia ushungi, na vidole vya moto vikagusa vyake, vikaipokea.