Papadi Zilizoruka Gerezani

Kila asubuhi Champaben hupanda juu ya paa, polepole, akipumzika kila ghorofa. Nyumba yao katika mtaa wa Gerezani ni ya zamani, ghorofa tatu, na paa lake ni bapa kama meza. Huko hutandika shuka jeupe na kuanika papadi, vile vimkate vyembamba vya unga wa choroko. Kisha huketi kitini azilinde. Kulinda ni neno lake. Jirani yake Maimuna husema anakwenda kusinzia, na kweli anasinzia. Jua la saa tatu ni tamu. Nyundo za mafundi wa chini zinafika juu zimelainika, na bibi huelea tu, halali, hayuko macho.

Jumamosi moja aliota upepo. Akafumbua macho, upepo upo. Papadi zote zilikuwa hewani, zinazunguka taratibu kama miezi midogo, zinaelekea Kariakoo. Juu yake kulikuwa na tumbo jekundu la helikopta, karibu mno, hata akaona viatu vya abiria.

Jioni akamweleza mwanawe, Jeet.

"Ba, umeota," alisema Jeet. Ndivyo anavyomwita mama yake. "Helikopta haishuki juu ya paa la mtu."

"Na viatu? Vilikuwa vya kahawia."

Jeet akamtazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyomtisha. "Ukiota tena nitafunga mlango wa paa. Siku moja utajiona unaruka, uanguke barabarani."

Paa ndipo mahali pekee ambapo hakuna wa kumwambia Champaben kaa, kula, kunywa dawa.

Jumamosi iliyofuata helikopta ikaja tena. Bibi akasimama, akaipungia ncha ya sari, kama anafukuza kunguru. Abiria wakafurahi, wakampungia pia. Rubani akashuka zaidi.

Maimuna alikuwa papo hapo paani, akianua nguo. Akaibana kanga yake. "Shoga, unamkaribisha chai?"

"Namfukuza."

"Basi hajaelewa. Ngoja nilete kioo nimmulike macho."

Kelele zilimpandisha paani Sophia, mpangaji wa ghorofa ya pili. Kazi yake ni kuongoza ndege uwanjani.

"Shikamooni. Mama, kioo hapana. Kummulika rubani ni hatari. Akianguka, ataangukia wapi?"

Maimuna akatazama juu, akaketi.

"Marahaba, mwanangu," alisema Champaben. "Kwani angani nako kuna sheria?"

"Zipo. Mjini, ndege inatakiwa kupita angalau mita mia tatu juu ya jengo refu kuliko yote ya jirani. Isipokuwa inapaa, inatua, au ina ruhusa. Ya polisi au ya uokoaji inaweza kushuka kwa kazi yake."

"Hii iliokoa papadi zangu."

Sophia akacheka. "Waandikie Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Ila msiandike 'dude lina kelele.' Andikeni tarehe, saa, mahali, rangi, lilikotoka na lilikoelekea. Na herufi za ubavuni. Za Tanzania huanza na 5H. Pigeni picha. Mkikosa herufi, saa kamili itasaidia."

Jumamosi ya tatu Champaben hakusinzia, na ilimuuma sana. Yeye alishika daftari, Maimuna simu. Saa tatu na dakika kumi dude likapita. Wakaandika kila kitu. Sophia akawasaidia barua, nakala wakapeleka serikali ya mtaa, na nakala yao wenyewe ikagongwa mhuri kwamba imepokelewa.

Jeet alionyeshwa picha. Tumbo jekundu. Viatu vya kahawia.

"Ba, mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Kula, chakula kinapoa."

Baada ya wiki kadhaa jibu likaja. Rubani wa kampuni moja ya kutembeza wageni alikuwa akishuka ili wapige picha za mjini. Hakuwa na ruhusa. Kampuni imeonywa.

Siku hizi helikopta hupita mbali huko juu, ndogo kama nzi, haifiki hata kwenye ndoto. Jeet alipanda mwenyewe kuhakikisha. Akabeba na kiti, akasema atakaa dakika tano tu, amsaidie mama kulinda. Jua likamgusa. Champaben akamfunika uso kwa gazeti, akaendelea kugeuza papadi moja moja, taratibu, asimwamshe.