Sauti ya Tansy Mlimani

Verlin Spurlock alikuwa barazani akimsaidia mkewe kukatakata maharage mabichi aliposikia mbwa akibweka mtini, juu kule kwenye mgongo wa mlima. Ilikuwa Agosti, saa sita imepita, na joto lilikuwa limelikalia bonde lote hata kuku walisimama uvulini midomo wazi. Akaweka bakuli chini.

“Huyo ni Tansy,” alisema.

Mkewe, Nola, hakuinua hata uso. “Tansy yuko chini ya kiti chako, mume wangu. Sasa hivi umemkanyaga mkia.”

Verlin akainama kutazama. Kweli Tansy alikuwa pale, mbwa wake jike wa kuwinda, wa madoadoa ya kijivu cha buluu, amejinyoosha juu ya mbao, ulimi nje, usingizi umemchukua. Na kule mlimani Tansy alikuwa akibweka.

Watu wa mabonde haya ya Kentucky hawana haja ya kumwona mbwa ili wamjue. Usiku wanamfungulia msituni, wao wanakaa juu ya gogo na kahawa yao, wanasikiliza. Mbwa akiipata harufu ya rakuni, yule mnyama mdogo mwizi wa mahindi mwenye pete mkiani, hulia kwa sauti ndefu ya kuvuta. Akishampandisha mtini hubadilika, akabweka mfululizo, haraka haraka, mpaka bwana wake afike. Na bwana lazima afike. Iwe mvua, uwe mlima kama ukuta, unakwenda, unalipiga shina kwa kiganja, unamwambia “mbwa mzuri,” ndipo unamtia kamba. Hata mbwa wa jirani ukimsikia anabweka mtini bila mwenyewe, unakwenda kumchukua, unampigia simu mwenye mbwa. Mtu anayemwacha mbwa wake mtini akaenda kulala, huku kwetu hapewi salamu hata kanisani.

Kwa hiyo Verlin hakukosea. Kubweka kwa Tansy kulikuwa na ufa. Kila baada ya muda sauti ilimkatika, ikapanda juu ghafla kama ya mvulana anayebaleghe, na hapakuwa na mbwa mwingine mwenye ufa ule.

“Shemeji, hao mbwa wamekuingia kichwani,” alisema Dorsey, ndugu yake Nola, aliyekuwa ameegemea nguzo na glasi yake ya mtindi. “Siku moja utamlaza Tansy kitandani, dada yangu akalale bandani.” Akacheka peke yake. Kisha ule ufa ukasikika tena, wazi kabisa, na glasi ikamganda mdomoni.

“Hebu sikilizeni,” Nola alisema polepole. “Hapumui.”

Wakasikiliza. Mbwa yeyote anayebweka kwenye jua lile hukatiza kidogo avute pumzi. Huyu hakukatiza. Na Tansy hakutikisa sikio, wala Drum, mbwa wao dume mzee, aliyelala kwenye shimo alilojichimbia chini ya ngazi.

Verlin aliliogopa joto kuliko alivyomwogopa nyoka. Kuanzia Juni hakumfungulia mbwa yeyote kabla umande haujashuka. Banda la mbwa alilijenga chini ya miti, mahali penye upepo. Sanduku lao kwenye pikapu alilitoboa matundu pande zote. Na akienda msituni alipakia maji ya mbwa kabla ya kahawa yake. Kila mara utamwona amemfunua Tansy mdomo anatazama fizi. Zikiwa waridi, endelea. Zikiwa nyekundu kama tofali, uwindaji umekwisha, mbebe mbwa umpeleke kijitoni. Dorsey alimwita daktari wa meno. Lakini Tansy ndiye aliyebaki katika ukoo wa mbwa alioulea baba yake Verlin maisha yake yote, na vuli ile ndipo alipokuwa apandishwe na dume kwa mara ya kwanza. Akifa Tansy, ukoo umekufa.

Kesho yake sauti ilirudi saa ile ile. Nola alikwenda kuanika nguo, na aliporudi kiti cha Verlin kilikuwa kitupu. Alirudi jua likizama, uso mwekundu, ngozi kavu kama karatasi, hana hata tone la jasho.

“Umeniweka roho juu!” Nola alimpokea kwa kelele. “Ulikuwa wapi mchana kutwa?”

“Mchana kutwa? Nimekwenda nikarudi.” Ulimi ulikuwa mzito. “Nola, mkono wangu unaungua.”

Wakamlaza sakafuni, wakamlowesha, na Dorsey akaenda na pikapu kumchukua Bibi Zella Turpin aliyeishi mdomoni mwa bonde. Bibi Zella ni mtoa moto. Mtoto akijiunguza kwenye jiko anapelekwa kwake. Hupuliza pale palipoungua, akanong’ona maneno aliyofundishwa na baba mkwe wake, na maumivu yakatoka. Alimpuliza Verlin kiganja cha kulia, kisha akakaa kitako akamtazama.

“Uliona nini huko?”

“Mti. Mti mkubwa, sauti iko hapo hapo, mbwa simwoni. Shina linanifukutia joto usoni kama ubavu wa mtu mwenye homa. Nikanyoosha mkono nilipige, ndivyo nilivyozoea. Halafu nikaona alama za kucha, bibi. Mbwa akisimamia mti hukwaruza hapa, usawa wa kifua. Zile zilianzia juu ya kichwa changu, zikapanda mpaka majani yanakoanzia.”

“Uliligusa shina?”

“Sikuligusa.”

“Ulimsifu? Ulimwambia mbwa mzuri?”

“Hapana.”

“Basi una bahati, mjukuu wangu. Ungempigia shina ukamsifu, ungekuwa umekubali kuwa bwana wake. Na yule hafungwi kamba. Yeye ndiye anayefunga.”

Nola alishusha sauti kana kwamba kuna mtu nyuma ya mlango. “Ni kitu gani, bibi?”

“Jini la jua, ndivyo wazee walivyoliita. Sura yake siijui na sitaki kuijua. Huja mwaka wa ukame, likajifunza sauti ya kile unachokipenda. Mlindeni huyo jike. Sauti limeshaichukua, sasa litamtaka mwenyewe.”

Siku iliyofuata mbwa nao wakaanza kusikia. Tansy alikuwa ndani. Drum alikuwa bandani, na Drum aliung’ata wavu wa waya mpaka ukafunguka, meno yakabaki pale pale. Dorsey alimfuata mlimani jioni, joto lilipopungua, akarudi mikono mitupu na hana utani.

“Amesimama, shemeji,” alisema. “Miguu ya mbele juu ya shina, kichwa juu, kama mzima. Amekufa amesimama. Nimemshika nikaungua.”

Verlin alilia, na sioni aibu kulisema, maana Drum alilala miguuni pake miaka mingi. Kisha akafunga madirisha yote. Akamfunga Tansy kwenye mguu wa kitanda, akamwaga maji sakafuni, akawasha feni. Akaketi mlangoni.

Mchana wa kesho yake sauti haikuwa mlimani. Ilianza nyuma ya ghala, ikaja kwenye mti wa jozi karibu na lango, na harufu ikaja nayo, harufu ya nywele zinazoungua, ikapita chini ya mlango na kwenye nyufa za madirisha hata Nola akaziba pua kwa aproni. Kisha ikanyamaza, wakatazamana, Dorsey akafungua mdomo aseme kitu, na hapo ikabweka chini ya sakafu, chini ya miguu yao kabisa, sauti ya Tansy na ufa wake, haraka haraka bila pumzi, mbao zikapata joto, maji aliyoyamwaga Verlin yakaanza kufuka mvuke, na Tansy mwenyewe, ambaye mpaka wakati huo alikuwa akitetemeka kimya, akajitupa kwa nguvu moja, kamba ikakatika, akapasua dirisha na wavu wake akatokea nje juani.

“Dorsey, mlete bibi!” Verlin alipiga kelele, naye akaruka dirisha lile lile.

Nola alimkuta kijitoni. Tansy alikuwa ameanguka ukingoni, miguu inapiga hewa, povu mdomoni, na Verlin alimfunua mdomo akaona fizi, nyekundu, nyekundu ya tofali. Akamburuta majini. Akamshikilia kichwa juu, akawa anamchotea maji tumboni, mapajani, kwenye nyayo, maji ya kijito yanayotembea.

“Nikalete barafu?” Nola aliuliza.

“Barafu hapana, itamfungia joto ndani. Mpepee. Chukua kofia yangu umpepee.”

Na juu yao, kwenye mkuyu uliouinamia ukingo ule, karibu kiasi cha kuufikia kwa mkono, sauti ikaanza kubweka.

Haikuwa kali. Ilikuwa sauti ya Tansy usiku wake mzuri kuliko wote, mbwa mchanga aliyempandisha rakuni wa kwanza na anamwita bwana wake aje aone, njoo, njoo, na Verlin, mwenye Tansy halisi mapajani akizidi kuwa mzito, alihisi magoti yanataka kunyooka. Mkono wake wa kulia ulitoka majini wenyewe, ukaenda juu kuelekea shina, kiganja wazi, na mdomo wake tayari ulikuwa umeshika maneno yale mawili ambayo amewaambia mbwa tangu alipokuwa anabebwa mabegani na baba yake.

Nola aliitupa kofia akamrukia mkono, akaung’ang’ania kwa mikono yake yote. “Nitazame mimi! Tansy huyu hapa. Mguse, huyu hapa!”

“Ananiita, Nola.” Machozi yalikuwa yakimtiririka. “Sijawahi kumwacha mtini. Hata usiku mmoja.”

“Mwache leo.”

“Siwezi.”

“Mwache, Verlin! Ukienda, huyu anakufa mikononi mwangu. Fizi zinakuwa nyeupe, tazama!”

Akatazama. Kweli zilikuwa zikififia. Akameza yale maneno, nadhani hakuwahi kufanya jambo gumu kuliko hilo, akauzamisha mkono wake majini akarudi kumchotea maji mbwa wake, huku juu pale sauti ikibweka na kubweka, sasa kwa kusihi, sasa kwa kulia, kama mbwa anayeona taa ya bwana wake inaondoka.

Bibi Zella aliingia kijitoni na viatu vyake. Hakuuliza kitu. Alikishika kichwa cha Tansy, akapuliza puani, akanong’ona, akapuliza tena, na kila alipopuliza majani ya mkuyu yalijikunja, yakakauka, yakaanguka majini yakiwa ya moto yakitoa sauti ya kukaanga. Sauti ikapanda. Ikawa kilio. Ule ufa ukapasuka, ukaendelea kupasuka, kisha kikapita juu ya vichwa vyao kitu kama upepo wa mlango wa tanuri, kikaenda zake kuvuka mlima.

Tansy akatapika maji. Akafungua macho.

“Moto umetoka,” bibi alisema, amechoka hata kusimama hawezi.

Dorsey alimshika kwapani. “Umekwenda wapi, bibi?”

“Moto lazima ukae mahali, mwanangu. Mimi nautoa tu.”

Hakuna aliyemshukuru, maana mtoa moto ukimshukuru dawa inaharibika. Walimpa mkate wa mahindi wakamrudisha kwake.

Tansy alipona. Alikula, akanywa, akarudi kulala chini ya kiti. Ila hakutoa sauti tena. Alipofurahi alifungua mdomo, shingo ikatikisika, na haikutoka hata pumzi. Verlin alimchukua msituni mara moja umande uliposhuka. Tansy alimpandisha rakuni mtini vizuri tu, akasimama pale gizani akibweka kimya, na Verlin alimtafuta kwa tochi mpaka akampata. Alimkumbatia. “Sauti si kitu,” alimwambia Nola aliporudi. “Watoto wake watakuwa nazo.” Alikuwa na furaha, na Nola naye alikuwa na furaha, wakaanza kufungua madirisha tena.

Septemba iliingia na joto lake. Jumapili moja baada ya kanisa, Verlin akiwa nyuma anatengeneza wavu wa banda, simu ya jikoni ililia. Alikuwa Arminta, mke wa Lowell Fugate, rafiki yao wa kuwinda wa bonde la upande wa pili wa mlima.

“Nola, mwenzangu, mbona mnamwachia mbwa jua hili? Tansy wenu yuko huku kwetu, juu ya malisho, anabweka mtini tangu tulipotoka kanisani.”

Nola akageuka. Tansy alikuwa amelala sakafuni, tumbo juu ya mbao baridi, anamtazama.

“Arminta, huyo si Tansy.”

“Acha mchezo! Lowell kamjua kwa ule ufa wa sauti yake. Anasema joto litamwua maskini, kachukua kamba na maji kamfuata.”

“Mwite.” Nola alisikia sauti yake ikitoka nyembamba. “Toka nje umwite arudi. Piga bunduki juu, piga honi, fanya lolote. Asiuguse mti. Arminta, asiseme neno!”

“Kuna nini? Unanitisha.”

“Mwite, nakuomba!”

Alisikia mlango wa wavu ukifunguliwa, nyayo barazani, Arminta akiita jina la mumewe mara moja, na nyuma ya jina hilo, mbali, mbweko ule usio na pumzi. Kisha hakusikia kitu.

“Ah, tulia basi,” Arminta alisema, akicheka kidogo. “Amenyamaza. Lowell keshamfikia.”