Ujumbe Mmoja Haujasikilizwa

Fundi Mdomo alikuwa na sauti, nyie. Akikohoa kibandani kwake, kuku wa mtaa wa tatu wanataga kabla ya wakati. Simu ikimfia mkononi anaisema mpaka inaona aibu, inawaka.

Adhuhuri moja mshonaji wa jirani akamletea simu ya marehemu mumewe. Juu ya kioo kulikuwa na alama ya ujumbe wa sauti, viduara viwili vimeshikwa na kijistari, haitoki.

"Nikisikiliza ni pumzi tu," mshonaji alinong'ona. "Laini nimetoa. Alama bado ipo."

"Imezubaa tu hiyo, dada yangu. Mimi nimefufua simu iliyotoka tumboni mwa ng'ombe."

"Fundi, punguza sauti. Inasikia."

Akacheka mpaka bati likatikisika. Akaizima, akaiwasha, akaiflashi programu yote upya. Viduara vikabaki vinamkodolea. Basi akashika dawa ya mafundi: unaacha ujumbe mpya, unausikiliza, unaufuta, na alama inaondoka nao. Akachomeka laini yake mwenyewe, akaipigia kwa simu ya kibandani, akaiacha iite mpaka ikadai ujumbe.

"Haya, wewe uliyemo humo," akatania, "chukua sauti yangu, niachie kioo cha watu."

Kisha akasikiliza. Sauti ilikuwa yake kabisa, ila maneno hayakuwa yake.

"Mama mtoto, nifungulie. Funguo nimesahau kazini."

Alama ikafutika. Kibanda kikanuka nywele zilizoungua. Mshonaji akaziba pua kwa khanga, akarudi kinyumenyume.

"Fundi, nyumbani umemwacha nani?"

Alimwacha mkewe peke yake na kichanga ambacho hata kitovu hakijakauka. Akafungua mdomo ajibu, pakatoka hewa. Akajaribu tena, shingo ikamvimba kama gurudumu la lori, hewa tupu. Akampigia mkewe kwa simu ile ile yenye laini yake.

"Haloo?" mkewe akapokea. "Mbona kimya?" Halafu akageukia pembeni, anacheka kidogo. "Baba mtoto, njoo uone. Wewe uko hapa na simu yako inanipigia."

Fundi alitoka mbio akipindua meza na betri na vioo vya watu, akawapita wauza nyanya waliomuuliza kuna nini naye hana sauti ya kuwajibu, akakata uchochoro wa nyuma ya msikiti huku harufu ile ya nywele ikimtangulia kila kona kana kwamba inamwonyesha njia ya kwake, mpaka akaufikia mlango wake akauangukia kwa viganja vyote viwili, na ndani akasikia sauti yake mwenyewe, nzito, tamu, ikimbembeleza mtoto wake alale.

Akagonga.

"Nani?" mkewe akauliza, yuko nyuma ya mlango kabisa.

Akagonga mpaka ngozi ikachubuka. Akabamiza kichwa.

"Jitaje basi, wewe nani?"

Mdomo wazi, mate yanamtiririka, hewa tupu.

"Usifungue, mke wangu," ile sauti ikasema kwa upole. "Ni kichaa huyo. Atachoka, ataondoka."

Akasikia komeo la juu likisukumwa taratibu kuufunga mlango, kwa mkono wa mkewe.