Hodi ya Saa Kumi Alfajiri

Cheka umalize. Nimekuona unavyovuta mdomo upande mmoja, kama mtu aliyepewa chai isiyo na sukari. Wewe umesoma, una vyeti vyako, na mimi niliishia darasa la saba kwa mwalimu aliyekuwa anatufundisha huku anawachungulia mbuzi wake dirishani. Lakini kilichotokea kwenye nyumba yangu ya Nzuguni sikukisoma popote. Nilikuwepo. Ukitaka kubisha, kabishane na redio. Mimi nikishaanza sikatizwi.

Kilianza na komeo.

Hilda, mpangaji wangu wa chumba na sebule, aliamka Jumanne moja akakuta komeo la mlango wa mbele limevutwa, mlango umerudishwa tu. Hakikuibiwa kitu. Hata mtungi wa gesi ulikuwa mahali pake, na mtungi wa gesi Nzuguni hausamehewi.

"Nitakuwa nimesahau, bibi," akaniambia. "Siku hizi kichwa changu hakipo."

Nikamwambia kichwa chake kilishaondoka siku nyingi, afunge mlango.

Nilijua kilikokwenda. Mumewe, Zablon, alikuwa anaoka mikate usiku kwenye tanuri moja la Majengo. Mikate ikishaiva anapanda baiskeli, na saa kumi alfajiri yuko mlangoni, anasema kwa sauti ya chini asije akawaamsha wapangaji wengine, "Hodi, mama Debora." Hilda anaitika, "Karibu, baba," anafungua, siku inaanza. Miaka yote hiyo mwanamke yule hakujua alamu ni kitu gani.

Halafu Zablon akasikia habari za dhahabu. Akaondoka na wenzake wawili kwenda machimboni, kusini huko, binti yao Debora akiwa na miaka minne. Alisema miezi sita. Wiki ya pili simu yake ikawa haipatikani, na mwaka wa tatu ukaingia bado haipatikani. Wengine walisema shimo limemfukia. Wengine walisema amepata mwanamke mwenye duka. Hilda hakushika la huku wala la huku. Alikuwa anasubiri.

Mwaka huu akapata kazi ya usafi kwenye ofisi za Mtumba. Gari la wafanyakazi linapita barabara ya lami saa kumi na moja na robo, halimngoji mtu. Alichelewa mara mbili, msimamizi akamwambia ya tatu asijisumbue kuja. Tatizo lilikuwa mlio wa simu yake ya kupangusa. Ulilia kama gari la zimamoto. Anaruka kitandani, anauzima kwa hofu, anakaa kidogo moyo utulie, usingizi unamrudia.

Jioni moja tukakaa mkekani barazani, yeye, Debora na mimi, tumtafutie mlio mwingine. Debora ana miaka saba na simu anaijua kuliko mama yake.

Akabonyeza, jogoo akawika.

"Huyo anawika kama anachinjwa," nikasema. "Ondoa."

Wakaja ndege.

"Hawa wazuri," Hilda akasema.

"Hao ndio wanaomaliza mtama. Utaamka utafute debe la kuwafukuzia."

Ikaja mvua. Hapo tulicheka wote watatu.

"Hiyo ndiyo kabisa," Hilda akasema. "Nitakimbilia ndoo nikatege, nikikuta uongo nilie."

Ikaja ilimba, kile kinanda cha Wagogo cha vidole gumba, na ilikuwa tamu kweli, lakini akasema inamfanya aone yuko msibani.

"Kwani lazima kuamka kuwe kutamu?" nikamuuliza. "Sisi tuliamshwa kwa teke."

"Bibi, nikishtuliwa moyo unanienda mbio mpaka saa nne. Nataka kitu kiniite taratibu. Kama mtu."

Debora akasema, "Mama, tumweke baba."

Zablon alimtumia Hilda sauti moja tu, siku aliyosafiri, akiwa ndani ya basi. Alikuwa anamtania. "Hodi, mama Debora. Hodi. Kumekucha huko?" Halafu kicheko kidogo. Hilda alikuwa ameitunza miaka mitatu. Mtoto akaigeuza kuwa alamu mbele ya macho yangu, na mimi mwenye mdomo wote huu, siku hiyo nikakaa kimya. Niliona uso wa Hilda, nikasema moyoni, mwache.

Ikamfaa. Ukuta wetu ni wa tofali moja, kila alfajiri nilisikia, "Hodi, mama Debora," na Hilda, katikati ya usingizi, anaitika, "Karibu, baba." Haamki kwanza ndipo aitike. Anaitika ndipo aamke. Mwezi mzima hakuchelewa. Alianza hata kuimba akiwa anachemsha maji.

Sasa nikuulize wewe msomi: hodi ni nini? Ni kuomba. Na karibu ni kutoa. Hilda alikuwa anaitoa nyumba kila alfajiri na mlangoni hakuna mtu, na saa ile wapo wapitao, hata usipoamini. Kitu kimoja kikasikia kinakaribishwa.

Baada ya komeo ikaja harufu. Zablon alinuka unga na hamira. Hii ilikuwa harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa unaotoka mtu akichimba kisima, na ilikuwa mwezi wa tisa, Nzuguni nzima vumbi tupu. Kikombe cha chai alichokiacha Hilda mezani kikawa kinakutwa kikavu, hakina hata majani ya chini. Upande wa kitanda ulioegemea ukuta ukawa baridi, ukiweka mkono unautoa. Debora akaanza kukonda.

"Wewe huli?" nikamuuliza.

"Nakula, bibi. Ila baba ananibana. Analala upande wa ukutani."

Hilda akawaita watu wa kanisani kwake. Wakaomba vizuri, sina la kuwasema. Walipomaliza wakasema amina, na darini kitu kikasema amina. Waliondoka bila kunywa soda.

Jumapili iliyofuata hakukuwa na kazi. Simu ilikuwa imezimwa, imelala kabatini. Saa kumi ilipofika, Hilda aliniambia baadaye, alisikia sauti ya mumewe ndani ya chumba, chini chini, karibu na mto wa mtoto.

"Hodi, Debora."

Akamwona mwanawe amefumba macho, midomo inafunguka. Alimziba mdomo kwa kiganja, akakaa hivyo mpaka kukapambazuka.

Siku hiyohiyo nilikwenda Majengo kumfuata mzee Hamidu, anayeuza mizizi na magome nyuma ya wauza nafaka. Mzee mfupi, mkorofi kama mimi, ndiyo maana namwamini. Alisimama mlangoni kwa Hilda, akavuta pumzi, akakataa kukaa.

"Nani alilikaribisha jini hili?"

"Mimi," Hilda akasema.

"Mara ngapi?"

"Kila siku, mzee. Karibu miezi miwili."

"Basi nyumba limeshaipata. Sasa linatafuta penye joto." Akamtazama mtoto. "Linapiga hodi kwa huyu. Akiitika, mimi msinitafute tena."

Debora akajificha nyuma ya kanga ya mama yake.

"Sikilizeni," akasema, sauti ameishusha. "Alfajiri tatu. Kila alfajiri litapiga hodi tatu, halizidishi. Hata wao wana adabu zao. Asiitike mtu. Asiyeitikiwa anaondoka, na baada ya alfajiri ya tatu halitarudi. Na hiyo sauti ya kwenye simu, futa."

"Mzee, ndiyo pekee niliyonayo."

"Ndiyo maana nasema ufute."

Hilda aliiweka simu sikioni, ameipunguza sauti, akaisikiliza mara nne, labda tano. Halafu akanipa mimi. "Nifutie, bibi. Vidole havitaki." Mimi simu hizo sizijui. Debora ndiye aliyenionyesha pa kubonyeza.

Alfajiri ya kwanza nililala kwao. Hodi tatu, mtoto akahangaika mikononi mwangu kama mwenye homa, ikapita. Alfajiri ya pili zikaja tatu, na baada ya hodi ya tatu kitu kikalia darini, kilio cha mwanaume asiyetaka kusikika, na Hilda akajiuma mkono mpaka damu. Ikapita.

Ya tatu mzee Hamidu alikuja kukaa nasi. Tuliwasha taa, tukamweka Debora katikati, mimi nimemziba mdomo, na saa kumi ilipogonga ile harufu ya udongo ilipanda kutoka sakafuni mpaka ukawa unaionja kwenye ulimi, na baridi ikatambaa kutoka ukutani ikapita miguuni mwetu mmoja mmoja kama inayotuhesabu, na sauti ikaanza, kwanza darini, "Hodi, Debora," kwa upole ule ambao Zablon aliutumia kumpa mtoto mkate wa moto, halafu chini ya kitanda, "Hodi, mwanangu," na mtoto akawa anapinda mgongo na kunitia meno kiganjani huku macho yake yamefumba, na mama yake anatetemeka hata kitanda kinalia, na mzee Hamidu midomo inakwenda bila sauti, na ya tatu ikaja sikioni kabisa mwa mtoto, karibu mno na uso wangu hata nikasikia pumzi yake ni baridi, "Hodi," halafu mabati yote ya nyumba yakagonga mara moja na komeo likajivuta lenyewe, likajirudisha lenyewe, na harufu ikaisha.

Ikaisha kabisa. Debora akalegea, jasho likamtoka, jasho la moto la mtoto mzima. Mzee Hamidu akafunga macho. Hilda akaanza kulia taratibu, na mimi nikataka kuutoa mkono.

Ndipo mlango ukagongwa. Nje. Kwa kidole.

"Hodi, mama Debora."

Hilda akainua kichwa. Mzee Hamidu akainua kiganja: kimya. Mimi nikaurudisha mkono mdomoni kwa mtoto, na kwa mkono wa pili nikamshika Hilda kifundo, nikakibana.

Ile ilikuwa ya nne. Nilihesabu. Darasa la saba, lakini kuhesabu mpaka nne najua. Nilijua ni ya nne na sikuuachia mkono wake.

"Naona taa inawaka," sauti ikasema. Ilikuwa imekauka, ya mtu aliyesafiri.

Hilda akajaribu kuuvuta mkono wake.

"Nimechelewa sana, siyo?"

Hilda akanitazama. Macho yale sitaki kukuhadithia. Mzee Hamidu akatikisa kichwa, hapana. Nikazidi kubana.

Nikasikia mfuko wa plastiki unachakarishwa.

"Haya. Nimeelewa."

Zikasikika hatua, taratibu, zinakwenda.

Tulifungua kulipopambazuka, kwa sababu mzee alisema tusubiri jua. Kwenye kitasa kulikuwa kumening'inia mfuko mweusi. Kwenye vumbi la uani kulikuwa na nyayo za katambuga, viatu vya tairi, zimekuja kutoka barabarani na zimerudi barabarani. Hilda alizifuata mbio hadi kwenye lami, bila viatu. Lami haishiki nyayo. Akarudi.

Ndani ya mfuko mlikuwa na gauni la mtoto, la njano, jipya, bado lina pini za dukani. Debora akalipima kifuani kwake. Lilimwishia kiunoni. Lilikuwa gauni la mtoto wa miaka minne.

"Msiliguse," mzee Hamidu akasema, lakini hakuwa akimtazama mtu. "Majini nayo huleta zawadi."

Hilda alilichukua gauni mikononi mwa mwanawe, akalikunja, mkono kwa mkono, pindo kwa pindo.

"Jini limelala na mwanangu miezi miwili," akasema. Hakupandisha sauti. "Lilikuwa linamwona kila siku. Lingejua amekua."

Mzee akautazama tena ule mfuko. Mimi nikaangalia chini. Kifundoni mwa Hilda vidole vyangu vilikuwa bado vinaonekana, vinne upande mmoja, kimoja upande wa pili.

Alijifunga kanga. Akamvalisha Debora viatu. Akalirudisha gauni kwenye mfuko ule mweusi.

"Unakwenda wapi?" nikamuuliza. "Barabara ina pande mbili. Kuna ya Singida, kuna ya Morogoro. Utaanzia wapi, mwanangu?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Hakunijibu. Alimshika mtoto mkono, akatoka, akaufunga mlango, sisi wawili tukiwa ndani.