Zamu ya Immy

Jumanne ile shuka kumi na mbili za nyumba ya wageni zilikauka kabla ya saa sita, lakini blauzi ya Immy ilibaki ikidondosha maji. Uwera, mama yake, aliyefua nguo za watu nyumbani kwake, aliikamua tena, akaihamishia kwenye kamba ya juu, pale upepo wa ziwa unapopiga moja kwa moja. Jioni ilikuwa vilevile. Kesho yake vilevile. Alipoinusa kola alirudi nyuma hatua moja. Ilinuka majivu yaliyolowa, kama jiko la kuni lililozimwa kwa maji.

Harufu hiyo aliijua. Alikulia ndani yake, kule Kanama, katika nyumba ambamo mama yake, Nyirasafari, alikaa akitazama ukuta bila kusema neno, tangu Uwera akiwa na miaka tisa.

Hakumwambia mtu. Aliitupa blauzi shimoni nyuma ya nyumba, akarudi kupiga pasi shuka za watu.

Waliishi Nengo, mtaa wa kando ya ziwa karibu na mpaka wa Goma, watu wanne. Mumewe, Théogène, alikuwa polisi. Alizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, kabla wazazi wake hawajarudi nyumbani. Immy alikuwa na miaka kumi na sita, na mdogo wake Igor sita. Mume alikuwa na Kiswahili cha Karagwe, mke cha Goma, alikochuuza nyanya tangu usichana wake, na watoto walichanganya vyote.

Nyirasafari alifariki mwezi wa nne. Wiki tatu baada ya mazishi, Immy akaanza kubadilika. Alilala mchana kutwa, akaacha kula, akaacha kuchana nywele. Shuleni waliandika barua: anatoka darasani bila ruhusa, amevunja kioo cha dirisha, akiulizwa hajibu. Nyumbani ilikuwa mbaya zaidi. Immy, aliyekuwa akimpenda Igor kuliko mtu yeyote, sasa hakutaka hata kumwona. Siku moja alimpiga kofi mpaka pua ikatoka damu, kwa kosa la kuja kukaa karibu naye.

"Toka," alimwambia. "Usinikaribie. Usitaje jina yako mbele yangu."

Wakampeleka kituo cha afya. Muuguzi wa magonjwa ya akili, Kabatesi, alichora duara kwenye karatasi, akaandika ndani yake jina la Immy, kisha akavuta mistari kwenda juu, kwenye maduara mengine matupu.

"Huzuni kali ya namna hii mara nyingine hutembea katika ukoo," alisema. "Si kwamba kila mtoto ataipata. Inaweza kulala tu ndani ya mtu, halafu msiba au hofu ikaiamsha. Ndiyo maana nauliza. Upande wa mama, kuna mtu aliyewahi kuugua hivi?"

Uwera alitazama duara tupu lililo juu ya jina la binti yake. Théogène alikuwa amekaa pembeni yake. Siku walipooana aliambiwa kwamba mama mkwe alipigwa na kiharusi, na miaka yote hiyo aliamini.

"Hapana," alisema Uwera. "Kwetu hakuna."

Nyuma ya mgongo wake mtu alivuta pumzi, ndefu, kama anayejiandaa kusema. Uwera aligeuka. Palikuwa na ukuta tu.

Tangu siku hiyo hakuna aliyetulia katika nyumba ile. Saa tisa alasiri, upepo ulipokufa na nguo zikaning'inia wima kwenye kamba, harufu ya majivu ilianzia jikoni. Uwera aliacha pasi, akaenda jikoni, akakuta imehamia sebuleni; akaenda sebuleni, akaikuta koridoni; na mle koridoni, mbele yake kidogo, ile pumzi ilikuwa ikivutwa na kuachiwa, ikivutwa na kuachiwa, ikisogea polepole kuelekea mlango wa Immy kama mtu mzima anayejua njia, anayeishi hapo, asiye na haraka yoyote. Alifungua madirisha, akafagia, akamwaga maji yenye sabuni, akasali kwa sauti, akafungua redio, akaizima tena kwa kuogopa kwamba chini ya muziki kuna kitu kinachosemwa ambacho yeye hakisikii.

Alhamisi moja alisimama nje ya mlango wa binti yake, akaweka sikio kwenye ubao. Kwanza pumzi. Kisha sauti ya chini, si ya mwanamke wala ya mwanamume, ikauliza kwa Kinyarwanda cha zamani, cha watu wa milimani: baada yako, nani? Ikanyamaza, ikauliza tena, ikauliza tena, kwa upole, kama anavyoulizwa mgonjwa anataka chai au uji, na kila mara Immy aliguna kwa meno yaliyofungwa, na zile sauti mbili zikaendelea hivyo, swali na mguno, swali na mguno, mpaka Uwera akashindwa kuhesabu, akausukuma mlango.

Immy alikuwa sakafuni kwenye kona, amejaza taulo mdomoni. Uwera aliivuta ikatoka na mate na damu kidogo.

"Mama, inaniulizaka jina," Immy alinong'ona. "Kila siku. Inasema nikitaja mutu, itaniacha, itaenda kwake. Na mi niko na jina moja tu kwa kichwa. Ya Igor. Nikifungua kinywa, itatoka."

"Ndiyo maana unamupiga?"

"Akinikaribia, jina inakuja mbio. Mi nimechoka, mama. Nimechoka sana. Siku ingine nitasema."

Uwera alimkumbatia mwanawe.

Usiku ule hakulala, na asubuhi alimtafuta Saidati, mama wa Kiislamu aliyewahi kuchuuza naye Goma, ambaye watu wa pande zote mbili za mpaka humwita nyumbani kukiwa na majini. Saidati alikuja mchana. Hakubeba kitu isipokuwa tasbihi na chupa ya maji ya kisomo. Alitaka familia nzima ikae sebuleni, Théogène pia, akiwa bado na sare yake.

"Bon," alisema, kwa Kiswahili cha Goma kilichochanganyika na Kifaransa. "Kwanza, mbele ya kusoma, Uwera, sema. Hii kitu ilikuwa kwa nani?"

Uwera aliinamisha kichwa. "Kwa mama," alisema. "Haikuwa kiharusi. Na mbele yake, zamani, kwa nyogokuru wangu, mama ya mama. Nyogokuru alienda soko ya Mahoko asubuhi moja, hakurudi. Walisema tusitaje."

Théogène alimgeukia. "Miaka kumi na minane," alisema taratibu. "Na kwa muuguzi ukasema hakuna."

"Niliogopa utanirudisha kwetu."

Théogène alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Ile mama yako," Saidati akasema, "miaka yote hakusema. Unajua ni sababu gani?"

Hapo ndipo Uwera alipoelewa. Alikuwa ameona aibu kwa ule mgongo uliogeukia ukuta, hata aliuchukia, na kumbe mama yake alikuwa amelifunga jina la Uwera kinywani, siku baada ya siku, akiulizwa; alipokufa bila kujibu, kile kitu kikajichagulia chenyewe. Alilia bila sauti.

Upepo ukafa. Harufu ikaja. Saidati alisoma, akanyunyiza maji kwenye pembe nne, na ile pumzi ikapita nyuma ya viti vyao, kiti kwa kiti, mpaka kwa Immy. Swali likaulizwa. Safari hii wote walilisikia. Immy alifumba macho, midomo ikaanza kufunguka.

"Usibaki peke yako na swali," Saidati alinong'ona. "Wote mujibu. Kila mutu ataje jina yake, ikose wa kuchukua peke yake."

"Uwera," alisema mama. "Niko hapa."

"Théogène," alisema baba, ambaye damu ile haikuwa yake. "Mimi pia nipo."

Igor hakungoja kuambiwa. Alimshika dada yake mkono, akataja jina lake mwenyewe kwa sauti kubwa, kama anavyoitika darasani. Pumzi ikakatika. Kitu kizito kilipita mlangoni, pazia likajaa kama limevaliwa na mtu, kisha nje nguo zote zikapepea kwa pamoja.

Saidati alikunja tasbihi. "Imetoka kwa nyumba. Kwa damu, mi siwezi kuitoa. Donc rudini kwa ule muuguzi, mumujazie karatasi yake."

Walirudi Jumatatu. Uwera alitaja majina yote, Kabatesi akaandika bila kumlaumu. Immy alianza vidonge, na kila wiki mbili alikwenda kuzungumza naye, wakati mwingine baba yake akisubiri nje. Mwezi wa tisa alirudi shuleni. Alianza kula. Alicheka mara moja, wote wakanyamaza kumsikiliza.

Jumamosi moja ya Novemba alikuja mlangoni kwa mama yake, uso umepauka.

"Mama, leo iko hapa."

Uwera alizima pasi. Waliingia chumbani, wakakaa ukingoni mwa kitanda, bega kwa bega, na akaushika mkono wa binti yake. Baada ya muda godoro likabonyea upande wa pili wa Immy, taratibu, kama linavyobonyea mtu anapoketi.

Hawakugeuka. Walibaki wamekaa hapo, watatu.