Sauti Aliyoifukuza Evelyn

Kila siku baada ya shule, Evelyn alikunja vitenge dukani kwa mama yake, Kariakoo. Ijumaa hiyo alivikunja kwa hasira, vikatoka vimepinda. Alikuwa anamwonea wivu rafiki yake Vicky.

Kila Jumapili kanisani, Vicky alisimama mbele ya watoto na kusema, "Wiki hii Mungu alisema nami." Evelyn naye aliomba hadi magoti yakamuuma, asisikie kitu. Na sasa mwalimu Heriel wa kwaya alikuwa anatafuta msichana wa kuongoza wimbo wa Pasaka.

Simu ya duka iliita, Evelyn akapokea.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mazoezi ya kesho ni saa mbili, siyo saa nne. Nitamchagua kiongozi hapo hapo. Simu ya kina Vicky haipatikani, nenda umwambie."

"Sawa, mwalimu."

Wapi! Evelyn hakwenda. Alijibanza nyuma ya vitenge akafumba macho. "Bwana, sema na mimi kama unavyosema na Vicky." Likamjia wazo moja: Mwambie Vicky.

"Siyo hilo!" akanong'ona. Akaomba upya. Mwambie Vicky.

"Unagombana na nani huko?" mama aliuliza.

Evelyn akaanza kulia. "Mungu anasema na Vicky tu! Mimi nasikia mawazo yangu tu."

"Yanasemaje?"

Evelyn akaeleza yote. Mama akaweka mkasi chini.

"Kwa wivu wote huo, mawazo yako ndiyo yakutume kwa Vicky?"

Evelyn akatoka mbio hadi mtaa wa Gerezani, nyumbani kwa kina Vicky, akamkuta Vicky anaosha vyombo.

"Mazoezi ni saa mbili. Nilitaka kukuficha, ili nichaguliwe mimi. Nisamehe."

Vicky alinuna. "Umeniumiza, Evelyn." Akasugua sufuria kwa muda. "Ila umekuja. Kesho nipitie, twende wote."

Kesho yake Vicky alichaguliwa. Evelyn alirudi dukani.

"Leo je, umesikia kitu?" mama aliuliza.

"Nimeambiwa nimpongeze. Mama, ilikuwa ngumu! Lakini nimempongeza."

Mama akamvuta karibu. "Mungu husema na watoto wake wote, mwanangu. Moyo ukikutuma kusema kweli na kumtendea mwenzako haki, hata kama hutaki, usiifukuze sauti hiyo. Ukiitii, utazidi kuifahamu."

Jumapili ya Pasaka, Vicky alipoimba, Evelyn aliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.