Kifungo cha Kumi na Tisa

Kila nikitoka shule huinama chini ya cherehani ya mama kuokota vifungo. Mama ni fundi nguo, na kwake kifungo kilichoachwa peke yake ni dalili ya kazi iliyolala. Ndiyo maana mimi ndiye niliyeshona atomu yetu ya potasiamu kwenye kitambaa kwa maonyesho ya sayansi. Elektroni zilipangwa na mwenzangu wa dawati, msichana tuliyemwita Kimya kwa kuwa maneno yake yalikuwa ya kuhesabu. Kifungo kikubwa cha katikati kilikuwa kiini. Vidogo kumi na tisa, yaani elektroni, vilikaa kwenye maduara manne ya chaki: viwili, vinane, vinane, kimoja.

Hicho kimoja kilinikera. Nilikuwa nimesoma kwamba duara la tatu hubeba hadi elektroni kumi na nane. Sasa kwa nini hicho kikae nje kama mgeni aliyefungiwa mlango? Asubuhi ya maonyesho nilikifumua, nikakishona duara la tatu, nikapangusa chaki ya duara la nne. Sikumuuliza Kimya. Nilijiona fundi.

Mwalimu alisimama mbele ya kitambaa chetu. "Potasiamu hii imekosewa. Nani alipanga?"

Chini tulikuwa tumeandika: Mpangilio, Kimya. Kimya akautazama uzi mpya, kisha akanitazama mimi. Nikainama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka.

Mmoja wetu angekwenda kwenye mashindano ya shule zote. Kimya aliyasubiri mwaka mzima. Mwalimu akaandika jina langu.

Jioni mama alikunjua kitambaa. Kidole chake kikatua kwenye matundu ya sindano.

"Hapa palikuwa na kifungo. Nani amekifumua?"

"Mimi, mama."

"Mwenzio ulimwambia?"

Nikaanza kulia. Mama hakunibembeleza. "Kesho, kabla hujakaa kitini, kaseme," akaniambia.

Nilisema, mbele ya Kimya mwenyewe. Mwalimu akasikiliza mpaka mwisho.

"Ni kweli, duara la tatu lina nafasi kumi na nane," alisema. "Lakini elektroni hukaa panapohitaji nishati ndogo zaidi. Duara la tatu likishapata nane, nafasi ya kwanza ya duara la nne huwa nafuu kuliko zile zilizobaki. Ndiyo maana elektroni ya kumi na tisa hukaa nje."

Akafuta jina langu, akaandika la Kimya.

"Ungeniuliza tu," Kimya aliniambia, "ningekueleza." Akachukua mkoba wake akahamia dawati la mbele.

Mwalimu alinishika bega. "Mwanangu, kutojua si aibu, ndiyo sababu tuna shule. Lakini mwenzio alipobeba kosa lako, hapo ulikuwa unajua. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wewe umeanza kumlea mapema."

Siku hiyo nilikirudisha kifungo mahali pake, na kwenye mashindano Kimya akashinda nacho. Nilimpigia makofi kuliko wote. Nafasi ya pembeni yangu bado iko wazi, na najuta kila ninapokaa.